Paneli zangu za zege zinajiunga zenyewe kwenye Revit, nizichore vipi?

Swali: "Habari mtaalamu. Nachora ghala la mita 60 kwa 40 kwenye Revit, ile programu ya kuchora majengo, kuta zake ni za tilti-apu (paneli za zege zinazomwagwa zikiwa zimelala afu zinainuliwa), unene milimita 200, kimo cha paneli mita 9.6. Mwanzo nilichora ukuta mmoja mrefu kila upande afu nikapiga mistari kuonyesha jointi. Injinia wa stracha kanirudishia, anataka kila paneli isimame peke yake, iwe na namba yake na uzito wake. Nimekatakata ukuta lakini vipande vinajiunga tena, jointi zinapotea, kona ndo vurugu kabisa. Mwenzangu mmoja anasema tumia kateni-woli (ukuta wa gridi, kama ule wa vioo), mwingine anasema Parts (kuugawa ukuta vipande), mwingine anasema chora kila paneli kama familia, yaani kitu kinachojitegemea chenye faili lake. Ipi ndo sahihi? Na je, uzito utakaotoka kwenye jedwali naweza kumpa mtu wa kreni?"

Salama ndugu yangu. Hapo umeuliza maswali mawili, na lile la mwisho ulilolipachika kama nyongeza ndo lenye hatari kuliko yote, nitalifikia. Tuanze na hili la kuta kujiunga maana ndo limekukwamisha.

Revit haijaharibika. Ukuta wa kawaida mle ndani umetengenezwa kwa mawazo ya tofali au zege la kumwaga palepale, yaani kuta mbili zikigusana programu inaona huo ni ukuta mmoja unaoendelea, inazishikanisha, inafuta mstari katikati, na kwenye kona inazifunga vizuri kabisa. Kwa nyumba ya tofali hiyo ni msaada mkubwa. Sasa wewe unajenga vitu tofauti kabisa, vipande vya zege vinavyomwagwa vikiwa vimelala juu ya sakafu, vinakauka, kreni inavisimamisha kimoja kimoja, vinashikiliwa na bresi za muda, yaani vyuma vya mshazari vya kuegemeza, mpaka paa likamilike. Hakuna paneli inayoshikana na jirani yake kwa zege. Kila moja ina mbao zake za fomu, nondo zake, siku yake ya kuinuliwa. Kwa hiyo injinia wako hajakusumbua bure, anachoomba ni modeli ifanane na kitakachotokea saiti.

Na hapa nirekebishe kitu ambacho watu wengi wanakosea: jointi sio mstari. Jointi ni nafasi halisi, kwa kawaida milimita 20 hivi, inayojazwa silanti (gundi laini ya kuzibia) baadaye ili paneli zipate pa kupumua zikisinyaa na kutanuka. Chukua upande wako wa mita 60, tuseme paneli 8. Ukigawa 60 kwa 8 unapata 7.5, na ukipiga mistari tu kila paneli kwenye modeli inabaki mita 7.5, fundi anasoma 7.5, anafunga fomu za 7.5. Siku ya kusimamisha kuna jointi 7 katikati, kila moja milimita 20, jumla milimita 140 ambazo hazina pa kwenda, paneli ya mwisho inatokeza nje ya kona kwa sentimita 14. Vipimo vyake sahihi ni paneli 6 za katikati mita 7.48 kila moja, na mbili za mwisho 7.49 kwa sababu zenyewe zinapoteza nusu ya jointi upande mmoja tu. Jumlisha pamoja na hizo jointi utapata 60 kamili. Ukiona modeli yako haitoi namba hizo jua jointi zako bado ni za kuchora tu. Rudolph Schindler mwaka 1922 alipojenga nyumba yake kule West Hollywood, Marekani, kwa paneli za kuinua hivihivi, ile nafasi kati ya paneli na paneli aliiwekea vioo vyembamba ikawa dirisha. Sisi tunaijaza silanti, lakini nafasi ipo palepale.

Sasa komandi zenyewe. Usitumie ile ya kukata ukuta ya kawaida, maana inakata afu inaacha vipande vimegusana, ndo maana vinarudiana. Pembeni yake kuna nyingine inaitwa Split with Gap, hiyo unaipa kipimo cha nafasi, weka 20, kisha unabofya pale jointi inapopita, inakata na kuacha nafasi na kuzuia vipande kuungana tena. Kama tayari umekata kwa njia ya zamani sio lazima ufute kila kitu, chagua ukuta, bofya kulia kwenye kile kidoti cha bluu mwishoni mwake, chagua Disallow Join, fanya hivyo miisho yote miwili, afu sogeza kupata nafasi yako. Inachosha kwa ghala zima ila inafanya kazi. Na ukichora ukuta mpya kuna sehemu kwenye ule ukanda wa juu inakuruhusu kuzima kuungana kabla hata hujaanza, izime. Kingine kidogo lakini kitakuokoa, mstari wa kuchorea ukuta uweke kwenye uso wa nje sio katikati, injinia akibadilisha unene kutoka 200 kwenda 220 ukuta unanenepa kuelekea ndani na jengo lako linabaki mita 60 kwa nje.

Kona ndo ilikuwa vurugu kwa sababu hukuwa umeamua nani anapita na nani anasimama. Kwenye tilti-apu kona rahisi ni ya kitako, upande mmoja unaenda mpaka mwisho, wa pili unaishia kwenye mgongo wake ukiacha jointi. Tuseme pande za mita 60 ndo zinapita. Basi zile za mita 40 zinapungua milimita 220 kila kona, yaani 200 ya unene na 20 ya jointi, zinabaki 39.56, na hapo ndo unagawa paneli zako. Kona ya kukata nyuzi 45 inavutia kwenye picha, mimi siipendi, ule ukingo mwembamba unameguka wakati wa kuinua na kila kosa dogo la kusimamisha linaonekana. Ila kona ya kitako ina gharama yake pia, ukingo wa paneli unaonekana upande mmoja wa jengo, kwa hiyo mwambie arkitekti mapema asije akashangaa.

Haya, tuje kwa wenzako watatu.

Wa kateni-woli hajakosea sana, hiyo ni mbinu ya zamani na ina akili ndani yake, unachora ukuta mmoja, gridi inaugawa, na badala ya kioo kila kisanduku unakipa aina ya ukuta wa zege. Kwa wazo la mwanzo, pale arkitekti bado anacheza na upana wa paneli, iko haraka kweli, unavuta mstari wa gridi na paneli mbili zinabadilika pamoja. Shida inaanza kazi ikiwa ya kweli. Milango ya magari ina paneli pana, ofisini kuna madirisha, kona ina upana wake, na kila tofauti unaanza kugombana na gridi. Afu ikifika nondo na hesabu za injinia umempa kitu ambacho programu inakichukulia kama sehemu ya kateni. Ningekiacha kibaki kwenye michoro ya wazo.

Parts ni jibu zito zaidi. Unaacha ukuta mrefu ulivyo, unaamuru Create Parts, unaugawa kwa mistari yako ya gridi na kuipa nafasi ya jointi. Uzuri wake ukuta wa asili bado upo, kila mchoro unachagua kuonyesha vipande au ukuta mzima. Kama wewe ndo arkitekti na paneli zenyewe atazimiliki mtu mwingine, hii ni njia safi. Ila kumbuka vipande vinaishi kwa mgongo wa ukuta mama, ukiufuta vimekufa vyote. Na kama ukuta wako ni ule wa sandwichi, zege nje, insulesheni katikati, zege ndani, basi kila tabaka linakuwa kipande chake, paneli moja inageuka vitu vitatu kwenye jedwali, inabidi uvifunge pamoja kwa asembli, yaani kundi moja, ndo upate namba moja. Wengine wanapenda hivyo maana wanapata ujazo wa kila tabaka peke yake. Wewe una milimita 200 za zege tupu, sioni kwa nini ujitese.

Wa familia namuelewa, anataka kila paneli iwe kitu kamili chenye vigezo vyake, lakini ukifanya hivyo unapoteza ukuta, milango haikai, vyumba havijui mpaka wake, na kila paneli tofauti ni faili jingine la kutunza. Familia zitumie kwa vitu vinavyokaa ndani ya paneli, pleti za chuma za kuchomelea, vyuma vya kuinulia, sehemu za kufungia bresi.

Kwa kesi yako basi, kuta tofautitofauti zenye nafasi katikati, kila moja na namba yake kwenye kile kigezo cha Mark, mfano K-01 kuzunguka jengo kwa mwelekeo mmoja. Kama injinia anatumia Tekla, programu nyingine ya modeli za stracha, mle paneli inakuwa kipande kimoja cha kumwaga chenye namba, nondo na mchoro wake, na programu inajua hata uso gani ulitazama juu wakati wa kumwaga, kwa hiyo muulize kabla hujahangaika na michoro ya kila paneli, huenda anataka kwako mipaka na matundu tu kwa IFC (faili la kubadilishana modeli kati ya programu), mengine afanye kwake.

Yapo mambo ambayo yanaonekana madogo kwenye skrini afu saiti yanakuwa makubwa, niyataje.

Chini ya paneli kwanza. Paneli haikai moja kwa moja juu ya msingi, inakaa kwenye shimu (vipande vyembamba vya kusawazishia) na pedi za mota, baadaye ule uwazi unajazwa grauti (mota laini ya kujazia), weka milimita 25 mpaka 40 kadiri injinia atakavyosema. Na paneli karibu kila mara inashuka chini ya usawa wa sakafu. Hapo kuna mtego wa milango, ukiweka mlango kwenye usawa wa sakafu na paneli inashuka milimita 600 chini yake, Revit itakuachia kipande cha zege cha milimita 600 chini ya mlango bila kukuuliza. Kwenye sehemu ya kupakilia malori huenda ndo unachotaka. Kwenye mlango mwingine huenda uwazi unatakiwa ushuke mpaka chini kabisa, paneli ibaki na miguu miwili tu, na paneli ya miguu miwili inahitaji kufungwa mihimili ya chuma ya muda ili isivunjike ikinyanyuliwa. Tofauti ya shilingi na ya siku ni kubwa, na kwenye mchoro wa mbele huioni kabisa kwa sababu iko chini ya ardhi. Kata sekshoni kwenye kila aina ya mlango.

Sakafu nayo isiguse ukuta. Kwa kawaida inaachwa kama mita moja hadi moja na nusu pembezoni ili msingi uchimbwe na paneli zisimame, ule ukanda unamwagwa mwishoni. Chora sakafu vipande viwili, kwa sababu sakafu kuu ndo kitanda chako cha kumwagia paneli na eneo lake lina maana. Piga hesabu uone: ukiacha mita 1.2 kuzunguka kutoka uso wa ndani wa ukuta, kitanda chako ni mita 57.2 kwa 37.2, kama mita za mraba 2,128. Paneli zako zote zikilala, bila kutoa matundu, ni kama 1,911. Unaweza kusema zinaenea, mpaka ukumbuke nafasi ya mbao za fomu, mafundi kupita, na kreni yenyewe ambayo nayo inatembea juu ya hiyo sakafu. Hazienei. Nyingine zitamwagwa juu ya nyingine au nje. Hii ndo kazi ambayo modeli inakulipa kweli, nakili paneli kwenye plani moja, zilaze, zipange, afu chora na jointi za sakafu chini yake, maana kila jointi na kila kibox cha kolamu (tundu lililoachwa kwa ajili ya nguzo) kilichopo chini ya paneli kinajichapa kwenye uso wake wa nje na rangi haitaficha vizuri.

Nimesema uso wa nje unalala chini. Ndo utaratibu wa kawaida, nje chini, ndani juu, kwa sababu vyuma vya kuinulia na vya bresi vinawekwa upande unaotazama juu. Kwa hiyo mchoro wa fundi unaonyeshwa kutoka ndani ya jengo. Sasa wewe umezoea kuchora sura ya nje, mlango uko kushoto, fundi amesimama juu ya fomu anaangalia uso wa ndani, kwake mlango uko kulia. Paneli yenye mlango pembeni ikimwagwa kinyume haigeuzwi, ni ya kuvunja. Andika kwenye kila mchoro wa paneli, kwa herufi kubwa, INATAZAMWA KUTOKA NDANI, na weka mshale wa juu.

Mifereji ya urembo pia, ile mistari iliyozama ambayo arkitekti anaipenda usoni. Ichore kama mkato halisi kwenye ukuta, usipige mistari ya mchoro. Paneli ya 200 yenye nondo safu moja katikati ina kina cha milimita 100 kutoka usoni hadi kwenye nondo, ukichimba mfereji wa 20 upande unaogandamizwa umebaki na 80, umekula moja ya tano ya kina hicho pale mfereji unapopita kwa mlalo. Injinia asipoiona kwenye modeli atahesabu 200.

Sasa uzito. Kwenye jedwali la kuta weka ujazo, ongeza safu ya hesabu, zidisha kwa 2.5 upate tani ukihesabu na nondo. Tuchukue paneli ya mita 7.48 kwa 9.6 kwa 0.2, ina mlango wa 3.6 kwa 4.2. Ujazo mzima ni 14.36, mlango unatoa 3.02, unabaki na 11.34, mara 2.5 ni tani 28.3. Mlango ulioingizwa ukutani unatolewa wenyewe, ila ulinganishe paneli moja kwa kalkuleta, na hakikisha familia ya mlango inakata tundu la fomu kweli, kuna familia zinakata tundu dogo kuliko lile litakaloachwa kwenye zege.

Je umpe mtu wa kreni? Mpe kama makadirio ya kumsaidia kupanga, basi. Isiwe namba ya kuinulia. Tani 28.3 ni uzito wa paneli imekaa kimya. Siku ya kuinua inaongezeka ile nguvu ya paneli kung'ang'ania sakafu hata kama dawa ya kuzuia kushikana ilipakwa, kuna uzito wa minyororo na boriti ya kunyanyulia, na kreni inayoitwa ya tani 100 inabeba tani 100 ikiwa imesimama karibu kabisa na mzigo tu, ikinyoosha mkono inapungua vibaya. Afu uzito peke yake hautoshi, inabidi ujue kitovu chake kiko wapi. Ule mlango ukiwa umesogea mita moja kutoka katikati ya paneli, kitovu cha uzito kinasogea sentimita 27 kwenda upande wa pili, na vyuma vya kuinulia vikipangwa kwa kuangalia katikati ya paneli tu itanyanyuka imepinda. Jedwali lako halikwambii hilo.

Na kuna lile ambalo modeli haiwezi kabisa kukuambia. Wakati mbaya zaidi kwa paneli nyingi ni zile sekunde za kwanza inapoachana na sakafu, imelala, imeshikwa sehemu chache, inajikunja kwa uzito wake, na zege bado changa maana watu hawasubiri zile siku 28 za kupimia nguvu kamili ya zege. Vyuma vya kuinulia vina kiwango cha chini cha nguvu ya zege kabla havijaguswa, mara nyingi 17 MPa (kipimo cha nguvu ya zege) au zaidi, na kinathibitishwa kwa vipande vya majaribio, hakikisiwi kwa kuhesabu siku. Ngapi viwekwe, wapi, nondo gani za ziada, bresi ngapi na zifungwe kwenye nini, lini zitolewe, hiyo ni kazi ya injinia anayehusika na kuinua, kwa saini yake. Ukiambiwa "wewe weka tu vyuma vinne kwa usawa" kataa. Uwezo wa programu kuviweka haukufanyi wewe kuwa umevihesabu.

Kwa hiyo kabla hujaendelea na paneli zote, omba kikao cha ana kwa ana na injinia wa stracha, kontrakta na mtu wa kreni wakiwepo, modeli ikiwa wazi mezani. Maswali ya kwenda nayo: jointi ni milimita ngapi, kona inapita upande upi, paneli inashuka kiasi gani chini ya sakafu, miguu pembeni ya milango isiwe chini ya upana gani, na paneli nzito kuliko zote wanayoikubali ni tani ngapi. Hilo la mwisho huwa linabadilisha mgawanyo wote, unaweza kukuta paneli 8 zinakuwa 10. Kama paneli zina ufa tayari, au zimeshamwagwa na vipimo vimegoma, usijaribu kurekebisha kwenye modeli kwanza, mtu mwenye leseni aende akaziangalie pale zilipo.

Na anza na paneli moja ya kona yenye mlango, imalizie kila kitu, jointi, chini, mfereji, mchoro wa ndani, uzito, mpelekee injinia aichane kwa wino mwekundu, ndo uende kwenye zilizobaki.